Shuka Kutoka Kiwandani

Tulifika Nairobi pamoja na mbuzi. Mama alikuwa na jamaa yake Kitale aliyekuwa akiendesha lori la kubeba mbuzi kutoka Pokot hadi soko la Kiamaiko, naye akakubali kutupakia mbele, mimi katikati, mama dirishani, na mkoba wetu miguuni. Tuliondoka umande haujakauka. Njia nzima mbuzi walikuwa wakilia nyuma ya vichwa vyetu, na kila lori lilipopanda mlima walinyamaza, nikadhani wanasaidia kusukuma. Timboroa kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Nakuru dereva alisimama kuwanywesha maji, nasi tukala mahindi ya kuchoma tukiwa tumeegemea gurudumu. Hapo ndipo nilipomuuliza mama tunaenda Nairobi kufanya nini, maana tangu asubuhi hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Tunaenda kuona kama bado tuna baba," alisema, akanipangusa mdomo kwa ncha ya leso yake.

Baba alikuwa ameondoka nyumbani nikiwa bado natambaa. Alikuja Krismasi, kisha ikawa Krismasi nyingine haji, kisha ikawa anatuma maneno tu: ngojeni kidogo, natafuta nyumba. Kijijini watu walianza kumwambia mama kwamba mwanamume anayetafuta nyumba muda mrefu hivyo ana jiko lingine mjini. Mama alisikiliza, akasikiliza, mwisho akauza kuku wake na kwenda kumwona dereva wa mbuzi.

Baba alikuwa akitungoja kwenye stendi ya mabasi mjini, kwa sababu mama alituma habari kwamba tunakuja lakini hakusema tunakuja na nini. Sisi tulikuwa Kiamaiko, tumekaa juu ya mkoba wetu katikati ya mavi ya mbuzi na kelele za wachuuzi, hadi dereva alipopiga simu kiwandani na mfanyakazi mwenzake akaenda kumwambia kule stendi. Alikuja jua likikaribia kuzama, jasho likimtiririka. Alinibeba kabla hajamsalimia mama. Nilimwogopa, lakini alinukia chapati. Nilizika pua yangu shingoni mwake nikauliza kama kazi yake ni kupika chapati, akacheka hadi nikatikisika.

Chumba chake kilikuwa Maringo, chumba kimoja kwenye safu ya vyumba, bomba la maji nje na kamba za nguo kutoka mlango hadi mlango. Mama hakukaa. Alianza kuchungulia chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwenye misumari ya ukutani, juu ya kabati. Nilidhani anatafuta panya, nami nikashika kiatu tayari kumpiga. Alichokipata ni kikombe kimoja, sahani moja, mto mmoja. Basi akakaa kitandani akalia, na mimi nikadhani analia kwa sababu baba hana viti.

Sasa najua alikuwa akilia kwa furaha. Lakini furaha hiyo haikujua pa kuanzia. Walikuwa wameishi mbali mbali muda mrefu mno, wakawa kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja. Walizungumza kupitia kwangu. Mama angesema, "Mwambie baba yako chai iko tayari," na baba yuko pale pale, angeweza kuifikia kwa mkono bila kuinuka. Nami nilikuwa nikigeuka na kusema, "Baba, chai iko tayari," naye angejibu, "Mwambie mama yako asante." Nilijiona mtu wa maana sana.

Jioni moja nilimuuliza baba kazi yake hasa ni nini. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, ameloweka mikono kwenye karai la maji ya chumvi kama alivyozoea. Alisema kiwandani kwao mafuta ya kupikia huingia yakiwa maji maji na hutoka yameganda, yale yanayouzwa kwenye mikebe. Nikauliza kama wanayaweka kwenye baridi. Akasema hapana, yanachemshwa ndani ya pipa kubwa lililofungwa, kisha inapulizwa gesi, na ndani yake inatiwa dawa nyeusi, unga laini kama masizi. Unga huo ni madini, unaitwa nikeli.

"Mafuta na gesi vikiachwa peke yake havisalimiani," alisema. "Hata uvichemshe wiki nzima. Lakini juu ya ile dawa, gesi inapata mahali pa kukaa, mafuta nayo yanapata mahali pa kukaa. Vikishakaa karibu, vinashikana. Kisha vinaondoka pamoja, vinapisha wengine."

"Na dawa?"

"Dawa inabaki. Haiendi na mtu. Sisi wa mashine ya kuchujia ndio tunaitega kwenye vitambaa, tunaikwangua, inarudi kazini."

Aliniambia pia kwamba kazi yote hufanyika juu juu tu, usoni mwa kila punje, ndiyo maana wanaisaga laini, ili kuwe na pa kukaa pengi. Na kwamba dawa huchoka. Huchoka kwa sababu kuna uchafu mwingine ukija ukikaa pale, hauondoki. Haufanyi kazi na haupishi. Punje inakuwepo lakini ni kama haipo. Nilimsikiliza nikitazama mikono yake majini. Ngozi kati ya vidole ilikuwa imepasuka na kuota vijipele vidogo vyenye maji. Alipoona naitazama akaichomoa, akashusha mikono ya shati.

Vitambaa vya kuchujia vilikuwa pamba nzito, vilivyofumwa vikashikana sana. Vikianza kutoboka, kiwanda kilivitupa, na wafanyakazi waliruhusiwa kuvichukua. Ilikuwa desturi ya mtaa mzima. Mtu angevichemsha kwa magadi, akavisugua, akavianika, akavichemsha tena, na mkewe akavishona. Kwenye kamba zetu ungeona mapazia, aproni, vifuniko vya makochi, vyote vya rangi moja ya wingu la mvua, kwa sababu weusi ule haukutoka wote hata ufue vipi. Jua likivipiga, safu yote ilinuka mafuta ya moto, na mbwa walikuja kusimama chini yake wakiramba pua.

Baba alimletea mama vya kutosha shuka mbili. Hakuwa amewahi kumletea kitu tangu tufike. Aliviweka kitandani akasema, safari hii bila kunipitia mimi, "Mama Simiyu, hivi ni vyako." Mama alivishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo, akilamba uzi na kuimba kwa Kibukusu. Kabla ya hapo tulikuwa tukilalia blanketi tupu la kukwaruza. Mimi nilibaki nalo kwenye godoro langu la chini. Shuka zikawa za kitanda.

Na zilifanya kazi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba dawa haiishi, kwamba ndiyo inayoshikanisha vitu visivyosalimiana, nami niliuona weusi wake umebaki kitandani. Wiki ile ile waliacha kunituma. Mama alianza kumwita baba kwa jina lake la ujana. Baba alimsimulia habari za msimamizi wao aliyesinzia akaangukia ndoo ya mafuta, mama akacheka akishika ubavu, akamwambia arudie. Jumapili walitoka kutembea Barabara ya Jogoo, baba akiwa amemshika mama kiwiko mbele ya watu wote. Nilikata kipande kwenye masalio ya vitambaa nikakitia mfukoni mwa Odhis, kingine mfukoni mwa Karis, rafiki zangu waliokuwa wamegombana kwa sababu ya mpira. Jioni walikuwa wakicheza pamoja.

"We Mbuzi, umenitilia matambara ya nini?" Odhis aliniuliza, maana jina hilo lilinifuata tangu siku ya lori.

"Ni dawa."

"Dawa ya nini, inanuka ka mandazi."

Kisha ukaja msimu wa joto, chumba chetu cha paa la bati kikawa tanuri. Mama alianza kujikuna. Kwanza mikono kwa ndani, pale inapokunjika, halafu shingo, halafu mgongo. Alitoka vipele vidogo vyenye maji, vikapasuka, vikaacha ngozi nyekundu. Alisema ni maji ya Nairobi. Baba alimnunulia sabuni nyingine. Mama Zuhura wa mlango wa pili, aliyekuwa akipika mahamri na ambaye baba yake alitoka Lamu kuja kufanya kazi ya reli, alisema ni joto tu, akampaka mafuta ya nazi.

Dada yake mama, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa, alikuwa ameolewa na karani, wakiishi Komarock. Alitutembelea Jumapili. Baba alimfungulia soda, na alipokunja mikono ya shati ili asiilowanishe, nilimwona mama mkubwa akiitazama ile mikono, kisha akamtazama dada yake shingoni. Hakuinywa soda. Alimwomba mama amsindikize nje kwenye kamba za nguo. Mimi nilikuwa chini ya shuka iliyoanikwa, nikicheza na vivuli, hawakuniona.

"Hiyo si joto," mama mkubwa alisema. "Mwangalie mikono, halafu ujiangalie."

"Anasema ni ya kazi."

"Wote husema ni ya kazi. Nyumbani tumezika wangapi walioanza hivi hivi?"

Ilikuwa miaka ambayo ukimwi haukutajwa kwa jina. Watu walisema ule ugonjwa, au walinyamaza tu, na kila kipele kilisomwa kwa namna moja. Mimi sikujua chochote kuhusu hayo. Nilichosikia ni kwamba mikono ya baba ilifanana na shingo ya mama, nikafurahi. Nilidhani hiyo ni alama ya watu walioshikana.

Mama Zuhura ndiye aliyejaribu kutuokoa. Alisema mgonjwa hapati nafuu akilala na mtu mwingine kwenye joto vile, akamchukua mama akalale chumbani kwake, akimpaka shubiri asubuhi na jioni. Mama akapona. Alipona upesi, kila mtu aliona, ngozi ikarudi laini kama ya kwangu. Mama Zuhura alijivunia shubiri yake. Mama mkubwa, aliporudi kumtazama, aliona kitu kingine, akakisema kwa sauti ya chini: "Umekaa mbali naye, umepona."

Baba alikuwa akimkumbuka sana mama. Nilimwona akikaa kitandani peke yake akipapasa shuka mahali pa mama. Siku mama aliyorudi, baba alikuwa amemletea zawadi, kitambaa kipya kabisa kutoka kwenye mashine, ambacho hakijatoboka, alichomwomba msimamizi. Kilikuwa cheusi kuliko vile vya kwanza. Hakukichemsha vya kutosha kwa sababu ya haraka. Mama akakishona siku hiyo hiyo, maana alitaka kumwamini baba, nami nililala nikiwa na raha kwamba dawa iliyochoka imebadilishwa.

Wiki haikuisha. Vipele vilirudi mgongoni, vikapanda hadi kwenye kope, akaamka macho yamevimba, hafungui. Baba alikuwa akivaa aende kazini. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, amefunika uso kwa leso.

"Baba Simiyu, twende tupimwe."

"Nipimwe nini? Hii ni ya kazi. Muulize mtu yeyote wa mashine yetu, wote tuko hivi."

"Na mimi nafanya kazi kiwandani?"

Baba alifunga vifungo vya shati lake hadi shingoni. Nimeirudia dakika hiyo maisha yangu yote. Jibu lilikuwa chini ya mama, amelikalia, amelishika kwa kiganja. Baba alijua dawa inawasha. Mama alijua kitambaa kimetoka wapi. Na mimi, niliyekuwa na umri wa kuvaa kaptura, ndiye pekee niliyekuwa na hakika kwamba dawa ile iko kitandani, lakini nilikuwa nikiiombea iendelee kukaa. Hakuna aliyeniuliza, na hata wangeniuliza ningesema ni nzuri.

Hakwenda kupimwa. Alisema akienda amekubali. Mama naye hakwenda, kwa kuogopa atakachoambiwa. Na kitu kikakaa pale kati yao kisichofanya kazi wala kupisha. Walirudi kunituma tena, "Mwambie baba yako," "Mwambie mama yako," ila sasa sikujiona mtu wa maana.

Jambo lililokuwa baya zaidi ni kwamba baba naye alianza kuamini. Wanaume wa kwao walioanza na vipele alikuwa amewazika pia. Labda alikuwa na sababu yake ya zamani, labda hakuwa nayo, hakumwambia mtu. Aliweka kikombe chake kando, kile kikombe chake cha upweke, akawa anakiosha mwenyewe. Alihamia sakafuni. Aliacha kunibeba. Nikimkimbilia jioni alikuwa akiinua mkoba wake kifuani kama ngao na kuniuliza habari za shule.

Alifariki nikiwa sekondari, kwa kifua. Walimleta Kitale jeneza likiwa limefungwa. Mwaka uliofuata mwalimu wa kemia alichora mshale ubaoni, akaandika juu yake alama ya nikeli, akaeleza kwa Kiingereza jinsi mafuta yanavyoganda, jinsi gesi inavyokaa usoni mwa madini na kushikana na mafuta. Wenzangu walikuwa wakinakili. Mimi nilikuwa nikimsikia baba yangu, neno kwa neno, na nilitoka nje bila ruhusa.

Lakini hata hapo sikujua. Nilijua miaka mingi baadaye, Garissa, katika mmoja wa miji mingi niliyoishi bila kukaa. Nilitoka vipele chini ya kitovu, vidogo, vyenye maji. Nilikwenda zahanati nikiwa nimejiandaa kwa mabaya. Nesi alinitazama mara moja tu, akagonga kifungo cha mkanda wangu kwa kalamu. Alisema ni chuma hiki, kina nikeli, kuna watu ngozi yao haiitaki, hasa wakitokwa na jasho. Akauliza kama kuna mwingine nyumbani aliye hivyo. Nilikaa kwenye benchi la nje hadi wakafunga, nimeshika mkanda mkononi, suruali naishikilia kwa mkono mwingine.

Nilisafiri hadi Kitale kumwambia mama. Alikuwa akichambua maharagwe. Alisikiliza hadi mwisho, kuhusu kitambaa, jasho, kupona kwake kwa Mama Zuhura. Hakushangaa nilivyotarajia.

"Sikujua ni shuka," alisema. "Lakini nilijua siumwi. Mwaka ulipita, miwili, niko mzima. Nilijua."

"Mbona hukurudi kwa baba?"

"Nilikuwa nimemwita muuaji, mwanangu. Mbele ya majirani. Ningerudi nimwambie nini?" Akaendelea kuchambua, na nikaona anatupa maharagwe mazima pamoja na mabovu.

Siku ile tuliyoondoka Maringo, nikiwa bado mdogo, ilikuwa asubuhi ya kawaida, redio zikisema, Mama Zuhura akikaanga mahamri. Mama alikuwa amezifua shuka zote na kuzikunja juu ya kitanda, kona juu ya kona. Alizishona yeye lakini hakutaka kitu cha kitanda kile. Mama Zuhura alinipa mahamri kwenye karatasi, akamshika mama mabega, akamfunga leso vizuri kichwani.

Baba hakwenda kazini. Alitusindikiza hadi barabarani akibeba mkoba wetu, amevaa glavu zake nene za kiwandani. Nilimuuliza kama anasikia baridi. Akasema ndiyo, kidogo. Basi lilipokuja alimpa kondakta mkoba, akasimama kando. Mama alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi, na mwingine ukabaki chini. Aligeuka akamtazama. Alikaa hivyo hadi kondakta akapiga bodi ya basi. Nadhani baba angesema neno lolote, hata la kijinga, mguu ule ungerudi chini.

Mimi nilimkimbilia, nikanyoosha mikono anibebe.

Akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

"Baba ananuka kazi leo," alisema. "Nenda kwa mama."

Nilimwambia napenda anavyonuka. Alitikisa kichwa. Mama alinivuta ndani, nikapanda kiti cha nyuma na kubandika uso kwenye kioo. Alikuwa amesimama ukingoni mwa Barabara ya Jogoo, watu wakimpita huku na huku wakienda kazini. Nilimpungia mkono. Yeye alinitazama tu, mikono yake miwili ameificha nyuma ya mgongo.